Sufuria ya maji tu

Swali: "Shikamoo mama. Naishi Kampala na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Mwaka jana tulilala hemani usiku mmoja kando ya Mto Naili, upande wa Jinja. Tulibeba sigiri, sufuria nne, kikaango, sahani, mpaka kinu. Kuku aliungua nje, ndani akabaki mbichi. Posho, yaani ugali, ilishika chini. Usiku nilikuwa naosha vyombo kwa maji baridi, tochi mdomoni, na asubuhi tukakuta siafu kwenye kila kitu. Mke wangu anasema harudi porini kuosha masufuria. Sasa watoto wanalilia pundamilia, na tumepanga kulala Ziwa Mburo usiku mara mbili, kwa gari dogo la kukodi. Tubebe nini, tupike nini, na tufanyeje tusikeshe tukiosha vyombo?"

Marahaba mwanangu. Mfikishie mkeo pole yangu, kwa maana amesema kweli tupu. Nimewapikia wageni porini kwa zaidi ya miaka 20, kutoka Elgon mpaka Murchison, na kabla ya hapo nilikulia kambi ya askari, ambako mama zetu walipika nje mvua na jua. Nilichojifunza ni kwamba wingi wa vyombo vya kuosha huamuliwa nyumbani, siku moja kabla ya safari, pale unapokata shauri la chakula. Ukichagua mchuzi wa kuku na posho, umeshachagua kusugua sufuria mbili zilizoshika. Ukichagua samaki aliyeivia ndani ya jani, umechagua kunawa mikono tu.

Kanuni yangu ni hii, na mengine yote nitakayokuandikia yanatoka humo: porini sufuria iguswe na maji tu. Chakula kikae kwenye jani, kwenye majivu, kwenye waya au mkononi. Sufuria ichemshe maji ya chai, maji ya mayai, maji ya mvuke na maji ya kunawia. Isipoonja chakula, ndani yake hamna cha kusugua.

Kwa hiyo sufuria ni moja, ya lita 3 au 4, yenye mfuniko unaokaa vizuri. Ongeza waya wa kuchomea kama ule wa wachoma nyama, koleo, kisu kimoja kilichonolewa, kijiko kirefu, na vikombe vinne, kila mtu na chake. Jerikani ya lita 20 ya maji safi. Ndoo yenye mfuniko, na barafu ndani, kwa ajili ya samaki. Kipande cha sabuni ya mche. Kibiriti kikae ndani ya chupa kavu yenye kizibo, pamoja na magunzi machache ya mahindi yaliyokauka, maana kusini mwa Uganda mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hazikuulizi umepanga safari lini. Weka na mkaa kidogo, kama kilo 2, wa kukuokoa kuni zikilowa. Halafu gunia la majani ya mgomba. Sigiri iache, kinu kiache, sahani ziache. Hivyo vyote vinaingia kwenye buti la gari dogo na nafasi ya watoto ikabaki.

Sasa tuzungumze juu ya yule kuku, kwa sababu kosa lake ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Ulimweka juu ya miali. Mwali unarukaruka, unaunguza ngozi na kupaka masizi kabla joto halijafika mfupani. Mtu akiona nje kumekuwa cheusi anadhani nyama imeiva, naye kuku mbichi ni hatari ya kweli, hasa kwa mtoto wa miaka 6. Sisi kambini tulikuwa na msemo: miali ni ya maji, makaa ni ya chakula. Kuni zinapowaka kwa nguvu, teleka sufuria. Zikishaanguka na kuwa makaa mekundu yenye utando wa majivu meupe juu, hapo ndipo chakula kisogee. Kutoka kuwasha hadi kupata makaa ya namna hiyo hesabu dakika 45 hadi saa nzima. Ndiyo maana mkifika, moto uwashwe kabla hema halijasimamishwa. Wengi hufanya kinyume: wanahangaika na hema, njaa inauma, wanawasha moto saa moja usiku na kupika papo hapo juu ya miali kwa sababu watoto wanalia.

Makaa yana viwango, nao mkono ndio kipimo. Weka kiganja juu ya makaa kwa kimo cha shubiri moja, uhesabu polepole. Ukishindwa kuvumilia ukifika mbili au tatu, makaa ni makali, yanafaa nyama iliyokatwa nyembamba. Ukifika nne au tano, hapo ni pa samaki na gonja, zile ndizi za kuchoma. Ukifika saba bila kusumbuka, hayo ni ya kufukia viazi na kusubiri. Usiyaache makaa yote mahali pamoja. Endelea kulisha moto upande mmoja, na kwa kijiti kirefu vuta makaa upande wa pili, pale unapopikia. Hivyo una maji yanayochemka huku na samaki anayeiva kule, kwa moto mmoja.

Mafiga uyachague kwa uangalifu. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu, nami naongeza kwamba figa lililolala majini halifai hata likiwa na wenzake wawili. Jiwe la mtoni au la ufukweni hubeba maji ndani ya nyufa zake. Likipata moto, maji yale yanageuka mvuke, yanakosa pa kutokea, na jiwe linapasuka. Niliona hivyo upande wa Sipi, nilipokuwa bado mwanafunzi wa kazi hii. Niliokota mawe kwenye kijito kwa sababu yalikuwa laini na mazuri, na baada ya nusu saa moja likalia kama risasi. Kipande kikapita karibu na uso wa mwenzangu. Tangu hapo natumia mawe makavu ya mlimani, au nyasi zinapokuwa zimeshafyekwa na pana sehemu ya moto iliyotengwa, natumia mawe niliyoyakuta pale yakiwa yameshapikiwa.

Kuhusu kuni: Ziwa Mburo ni hifadhi ya taifa, na ndani ya hifadhi huokoti kuni utakavyo. Unapolipia kambi waulize walinzi kuhusu kuni na mahali panaporuhusiwa moto. Ukiletewa kuni za mgunga umepata, kwa kuwa makaa yake ni mazito na yanadumu. Mbao za kupakwa rangi usiziguse. Msonobari una utomvu na utajaza masizi. Na kuna mti mmoja wa kuogopa kabisa, unaouona sana katika nchi ile: euforbia, wenye matawi yanayosimama kama kinara cha mishumaa. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na unaweza kuharibu macho, na moshi wake nao si wa kuvuta. Waonyeshe watoto mti ule siku ya kwanza, waujue, wasiuchezee.

Tuje kwenye jani, ambalo ndilo moyo wa jibu langu.

Sisi tuliokulia Uganda tumeona jani la mgomba likipika maisha yetu yote, halafu tukienda kutembea porini tunalisahau na kubeba masahani. Jani ni sufuria, ni mfuniko, ni sahani, ni kitambaa cha meza. Linatoa harufu nzuri ndani ya chakula, na likimaliza kazi linarudi udongoni. Waganda wana luwombo, nyama au karanga inayofungwa ndani ya jani na kuivishwa kwa mvuke, na sijaona duniani njia ya kupika inayofaa kambini kuliko hiyo.

Nunua majani kwenye soko la Kalerwe au la Nakasero kabla ya kuondoka, au ombeni kwenye shamba la mtu upande wa Masaka, kwa adabu na kwa kumwachia chochote. Msingoje kupita Lyantonde, maana huko mnaingia nchi ya ng'ombe na migunga. Chagua majani mazima ambayo upepo haujayachana, yaliyokomaa lakini hayajaanza umanjano. Kumi makubwa yanatosha na ziada, maana kila moja utalikata vipande viwili au zaidi. Yakunje, uyatie kwenye gunia lililolowa, yatakaa vizuri siku mbili.

Jani bichi ukilikunja linachanika. Lazima ulibabue kwanza. Kwa kisu, kwangua uti wa jani kwa nyuma mpaka uwe mwembamba, bila kulitoboa, na vile vipande vya uti uviweke, tutavihitaji. Kisha lipitishe juu ya moto polepole, kama anayekausha karatasi. Utaona rangi ikibadilika mbele ya macho yako, kutoka kijani kilichofifia hadi kijani kinachong'aa, na jani litalegea kama kitambaa. Ni nta ya juu ya jani inayoyeyuka. Waachie watoto waangalie hatua hii, ila jani lishikwe na mtu mzima. Jani lililobabuliwa linakunjika pande zote nne bila kulia.

Usiku wa kwanza mle samaki, kwa sababu hawezi kungoja usiku wa pili. Asubuhi ya safari nunua ngege (sato) wanne wadogo, wa gramu 400 hivi kila mmoja. Mwuzaji awapae magamba na kuwatoa matumbo palepale sokoni, wewe uwaweke kwenye ndoo ya barafu. Viungo visagwe nyumbani: tangawizi, vitunguu saumu na chumvi, vyote kwenye chupa moja, na pilipili kidogo ya wakubwa kando. Kambini unamchanja samaki mara tatu kila upande, unampaka viungo, unamjaza vipande vya nyanya na limau tumboni, unamfunga kwa jani moja, kisha jani la pili upande wa mshono. Funga kwa kamba ya mgomba mkavu. Mlaze kwenye waya juu ya yale makaa ya hesabu ya nne, dakika 15 upande wa kwanza na 10 upande wa pili. Jani la nje litakuwa jeusi na kutoa moshi. Usiogope, ndiyo kazi yake: linaungua yeye asiungue. Fungua kimoja, chokoa karibu na kichwa kwenye uti wa mgongo. Nyama ikiachia mfupa na ikiwa nyeupe hadi ndani, ameiva. Ikishikilia mfupa, mfunge tena, mpe dakika tano.

Kila mtu anafunguliwa jani lake mbele yake. Hiyo ndiyo sahani.

Pembeni ya samaki, viazi vitamu. Vioshe nyumbani, visimenywe, vifukie kwenye majivu ya moto yenye makaa madogo mara tu moto unapoanza kushuka, kwa sababu vinahitaji dakika 45 hadi saa. Vigeuze mara moja. Kijiti kikipenya bila kusukumwa, toa, pangusa majivu, pasua katikati. Ganda ndilo bakuli. Gonja nayo ni rahisi mno, unamenya na kuilaza kwenye waya mpaka iwe na rangi ya dhahabu. Matoke yaacheni nyumbani. Nayapenda kama kila mtu, lakini yanataka mvuke wa muda mrefu na kuni nyingi, na yakipikwa kwa haraka hayana ladha.

Utaniuliza kuhusu karatasi ya alumini, maana wengi wameshaniuliza. Inapika, sikatai. Lakini haiungui. Inabaki vipandevipande kwenye majivu, mnyama anaikuta inanukia samaki, anaimeza. Na limau na nyanya, kwa uchachu wake, huila ile alumini na kuiingiza kwenye chakula. Ukilazimika kuitumia, tanguliza jani ndani, kisha rudi nayo mjini yote. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, isikaribie chakula cha moto hata kidogo, wala kwa kufunikia.

Asubuhi, sufuria ifanye kazi yake. Mayai mmeyabeba mazima, yamezikwa ndani ya kopo la unga wa ngano ili yasipasuke, na unga wenyewe nitakuambia kazi yake. Yaoshe, yatie kwenye maji ya baridi, yakishachemka hesabu dakika 10. Chai iwe ya rangi, majani yatiwe vikombeni, na anayetaka maziwa atie ya unga kikombeni mwake. Najua mkiwa mlangoni mwa Ankole mtatamani maziwa halisi. Yanyweni njiani yakiwa yamechemshwa tayari, kwa sababu maziwa yakishachemkia kwenye sufuria yako, kanuni imevunjika na kazi ya kusugua imerudi. Chapati mmepika nyumbani, kumi au kumi na mbili. Zitupe juu ya waya nusu dakika kila upande zipate joto, pondea yai ndani ya chapati pamoja na nyanya, kitunguu na chumvi, viringisha. Siyo rolex, ile chapati ya mayai ya kukaangwa ya barabarani, lakini watoto wangu waliila hivyo utoto wao wote.

Mchana msiwashe moto. Parachichi, nyanya, chapati, ndizi mbivu, basi. Mchana ni wa pundamilia.

Usiku wa pili ndio wa luwombo, na hapo sufuria itakuonyesha thamani yake. Chakula chake hakiharibiki njiani: samaki wa kukaushwa kwa moshi, au mukene mkavu (dagaa), na karanga za kusaga. Nyumbani mtoe samaki mifupa. Kama ni mukene, waoshe mchanga wote, kata vichwa, wakaange vikavu bila mafuta, wafunge kwenye kopo. Kambini, changanya karanga na maji ya moto ndani ya kikombe mpaka ziwe nzito kama uji wa mtoto, tia chumvi, kitunguu, nyanya. Sasa chukua kikombe kingine, tandika ndani yake majani mawili yaliyobabuliwa, yakipishana kama msalaba. Weka samaki, mimina karanga, kusanya ncha zote juu kama mfuko wa pesa wa bibi, ukaze kwa kamba. Kikombe kinakusaidia tu mpaka ufunge, kisha unakitoa. Fanya vinne.

Zile nyuti za majani ulizokwangua zipange chini ya sufuria, zikikatana, mpaka zifanye kitanda kirefu kama vidole viwili. Tia maji yasipite kitanda hicho. Simamisha vifurushi juu, funika kwa jani lililobaki kisha mfuniko. Hapa ni moto wa miali midogo na makaa, kwa sababu unapika maji, na maji yanapika chakula. Baada ya saa moja fungua kimoja. Karanga zikiwa zimeshikana na mafuta yamejitokeza juu, tayari. Kila dakika 20 sikiliza: sufuria ikinyamaza, maji yamekwisha, ongeza ya moto. Baadaye unatoa nyuti, na maji yaliyobaki yanawanawisha mikono watu wanne.

Umeona sijataja maharagwe, wakati kikomando, yaani chapati na maharagwe, ni chakula rahisi. Ni kwa makusudi. Maharagwe mabichi yana sumu ya asili, hasa yale mekundu, nayo huondoka tu yakichemka kwa nguvu angalau dakika 10. Nimewaona watu wakiyaweka pembeni ya makaa usiku kucha kwa moto wa uvuguvugu, na huo ndio ubaya wenyewe, maana joto dogo linaweza kuizidisha ile sumu. Tena kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kampala yanachemka karibu nyuzi 96, Ziwa Bunyonyi karibu 93 au 94, na kileleni Wagagai, juu kabisa ya Mlima Elgon, kwenye mita 4,321, chini ya 87. Kule juu maharagwe yatakula kuni zote ulizobeba. Mtu akitaka kikomando, ayachemshe nyumbani kabisa na yaliwe siku hiyohiyo.

Maji ya kunywa nayo, jerikani ikiisha: yakianza kububujika yaache dakika 1 nzima, na ukiwa juu ya mita 2,000 yape 3. Msiende kuteka ziwani jioni. Ziwa Mburo lina viboko na mamba, na kiboko hutoka majini giza likiingia kuja kula nyasi, hata katikati ya kambi.

Sasa vyombo. Nje ya sufuria, kabla ya kuiteleka mara ya kwanza, ipake sabuni ya mche iliyoloweshwa, pande zote na kitako, iwe kama rangi nyembamba. Masizi yatakaa juu ya sabuni, na yatatoka kwa kupitisha jani lililolowa. Kama sabuni imesahaulika, udongo laini uliolowa unafanya kazi ileile. Waya usiuoshe kabisa. Uache juu ya makaa mpaka mabaki yakauke na kuungua, usugue kwa nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma wa kijiti, na kesho kabla ya kupika urudie. Kisu na koleo vipanguse kwa majivu na maji ya moto. Majivu ya kuni ni dawa ya mafuta tangu zamani, yana magadi ndani yake, lakini ukiyapaka kwenye sufuria ya alumini suuza upesi, yasikae, maana huila. Vikombe ndivyo pekee vya kuosha kwa sabuni, na kwa maji ambayo yalikuwa motoni mlipokuwa mkila. Hapo mkeo hahitaji hata kusimama. Osha wewe.

Maji machafu yasiende ziwani. Tembea hatua 80 hivi kutoka ukingoni, uyamwage kwa kutawanya, baada ya kuchuja chembe za chakula. Mifupa na mabaki yasifukiwe, kwani ngiri na nyani watayafukua kabla hamjaamka, na nyani aliyezoea kambi anakuwa mkorofi kwa kila mgeni ajaye. Yatieni kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo iingie garini na vioo vifungwe. Hemani hakilali chakula, wala biskuti ya mtoto chini ya mto. Majani mliyolia chakula yaanikeni kando ya moto, yakikauka yachomeni. Nadhani siafu wenu wa Jinja waliitwa na mafuta ya kuku yaliyokuwa yamelala kwenye sahani.

Nakuomba usikie jambo hili kuliko yote. Mvua ikinyesha, usiingize makaa hemani. Hata kidogo, hata yakionekana yamefifia, hata kwa ajili ya kumpasha mtoto joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Ikinyesha, kuleni chapati na mayai, mlale.

Na moto uzimwe kwa maji, siyo kwa mchanga. Mimi nilikosea hapo. Miaka ya mwanzo, kwenye ukingo wa mto, nilifukia makaa kwa mchanga nikaona pamepoa, nikalala kwa amani. Alfajiri kijana aliyekuwa akitubebea mizigo alipita pale peku. Chini ya mchanga makaa yalikuwa mazima kama nilivyoyaacha. Alitembea kwa fimbo majuma mengi, na mimi ndiye niliyemfunga vidonda kila siku nikijua ni kazi ya mikono yangu. Mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukisikia joto lolote, rudia. Una watoto wawili wanaoamka kabla yako.

Kuna ule unga uliobebea mayai. Alasiri ya siku ya pili, tia maji na chumvi na mafuta kidogo ndani ya kopo, kanda kama wa chapati, mgumu kiasi, hakuna meza inayochafuka. Njiani mtakuwa mmeomba vijiti vya mbuni, yaani mti wa kahawa, uliopogolewa, au vya mpera, vyenye unene wa kidole. Msivunje kijiti cha mti msioujua. Menya ganda la ncha, mpe kila mtoto donge la ukubwa wa yai, alivute liwe kama kamba, alizungushe kwenye ncha bila kupandana. Washike juu ya makaa, wakizungusha taratibu. Yule mdogo atataka kusogeza chake kwenye mwali ili kiive kwanza. Mwache aone kinavyokuwa cheusi nje na kubaki unga ndani, kisha mpe donge la pili. Mkate ukiiva, unachomoka kwenye kijiti wenyewe, na tundu lililobaki katikati ni la kutia asali.